Hogo

Nilianguka mkarafuuni Kangagani, msimu wa vuli.
Tawi lilinitema kama kokwa,
mkono wa kushoto ukaitika: ka!
Sauti kavu, ya juu, ya chapuo ikigongwa ukingoni.
Nami mpigaji, kabla uchungu haujafika,
nikajiuliza: hilo ni pigo la ngoma gani?

Chake Chake, chumba cha mifupa,
daktari alikuwa Mkuba, jina lake Reinier,
mrefu, mweusi tii, hata foleni nzima ya wazee
ikamwamkia Kipemba, ikangoja jibu.
Akawajibu, "Asante."
Akanifunga hogo mpaka kiwikoni,
akainamia ncha za vidole vyangu
zilizochungulia kama kasa wachanga mchangani.
"Vidole, sema!"
Alikusudia *sogea*. Sikumsahihisha.
Nikavisemesha juu ya meza ya bati,
yale mapigo ya kufungulia kilinge.

Kalamu ikamwanguka.
Akavuta sinia la mikasi, akalipindua,
akanijibu kwa kinyundo cha kupimia magoti.

Kwao, alinambia kwa Kiswahili kinachochechemea,
ngoma ni tatu, kila moja ina midomo miwili,
hulazwa mapajani kama mtoto anayepakwa mafuta.
Kubwa ndiye mama, ndiye msemaji.
Wa kati humjibu.
Mdogo hana ruhusa ya kubadili neno.
Na ndani, akashusha sauti kwa ajili ya nesi,
ndani mna mtu. Hula.
Husalimiwa kabla hajaguswa.

Wa kwetu hufukizwa ubani, nikamwambia,
na hakuna wa kumruka.
Anayepandwa kichwani, nyinyi mwamwitaje?
"Farasi."
Sisi twamwita kiti.
Tukacheka mpaka mgonjwa wa chumba cha pili akagonga ukuta.
Mamangu, Bi Mize, ni kiti mwaka wa thelathini huu;
sikuwahi kufikiri kwamba anayekaliwa
huenda usiku ule ule yuko mbio.

Kila Jumatatu alinichorea juu ya hogo, wino wa buluu:
msalaba ni pigo, nukta ni nyamaza.
Nyumba ya bibi yake, Matanzas,
ikanipanda mstari kwa mstari kutoka kifundoni.
Vijana wa kwao, alisema, waliyachukua mapigo haya
wakayapeleka mjini, kwenye piano na tarumbeta,
wakavaa suti, watu wakalipa kiingilio,
ikaitwa jazi.
Na yule wa ndani, alikwenda nao?
Alinishika mshipa wa mkono muda mrefu kuliko kawaida.
"Wengine walimwomba ruhusa."

Wiki ya sita msumeno wa umeme ukapita
katikati ya mstari wa tatu.
Vumbi jeupe, mkono umekonda kama wa mtu mwingine.
Nusu ya hogo aliondoka nayo, mkataba wake umekwisha.
Nusu ninayo, nimeifunga kwenye kanga kuukuu.

Sasa napiga konga hotelini Shangani,
ngoma za plastiki ngumu, hukazwa kwa spana,
hazijui moto wala ubani.
Mcheza kwao hutunzwa; mimi napewa bahasha.
Nikifika mstari wa tatu, pale ulipopita msumeno,
mkono wa kushoto husimama hewani.
Pigo moja halipo.
Shaame wa besi adhani ni ufundi:
"Hilo pengo, bwana, nifunze."
Nitamfunza nini? Lipo Kuba, kabatini mwa mtu.

Juzi mama alikuja Unguja kupimwa macho.
Akakaa meza ya nyuma, soda ya tangawizi mbele yake,
hakuigusa.
Mstari wa tatu, mkono ukasimama,
nikaona bega lake la kulia likishtuka. Mara moja tu.
Akaliwekea kiganja, akalituliza,
kama anayemnong'oneza mtoto ugenini:
si hapa.